Klabu ya vitabu shule ya msingi: maswali yanayoulizwa kila mara

Haya maswali yanakuja sana kutoka kwa walimu, wazazi na vijana wanaojitolea ambao wanataka kuanzisha klabu ya kusoma shuleni kwao na hawajui waanzie wapi. Mifano yangu mingi ni ya shule za serikali Tanzania manake ndo ninakokujua, darasa lina watoto 80 na zaidi, maktaba ni kabati moja ofisini kwa mwalimu mkuu, na funguo anayo mtu aliyeenda semina. Kama shule yako ina chumba cha maktaba chenye feni na mkutubi, hongera, mengi ya hapa yatakufaa tu.

Klabu ya vitabu ndo nini, si ndo kipindi cha maktaba hichohicho?

Hapana. Kipindi cha maktaba kipo kwenye ratiba, na sehemu nyingi kinaishia kuwa muda wa kumalizia hesabu za jana. Klabu ni watoto wachache wanaokutana kwa hiari yao, wanasoma au wanasomewa kitu, halafu wanakipigia stori. Hapo kwenye kupiga stori ndo klabu yenyewe ilipo, ukipaondoa unabaki na watoto wamekaa kimya na vitabu, sio vibaya, ila hilo wanaweza kulifanya chini ya mwembe bila wewe.

Kinachoua klabu nyingi ni kugeuka darasa. Mtu anaingia na chaki, anaandika tarehe ubaoni, anasoma hadithi, halafu "fungeni vitabu, swali la kwanza". Hawa watoto wameshakaa kwenye madawati toka saa 2 asubuhi wanajibu maswali ya ufahamu, sasa saa 8 na nusu na wewe unakuja na ya kwako? Wiki ya pili utawakuta nusu, wiki ya tatu wamebaki wale ambao mama zao ni walimu wa shule hiyohiyo. Kwa hiyo nitasema na nitarudia huko chini: ukiwa klabu usipime mtu.

Watoto wangapi, na wa darasa la ngapi?

15 mpaka 20 wanatosha kwa mtu mzima mmoja. Darasa la 3 hadi la 5 ndo rahisi zaidi, washajua herufi na bado hawajaanza kuona aibu kucheka mbele ya watu.

Mwalimu wa taaluma atataka kukuletea kumi bora wa kila darasa, mkatalie kwa heshima. Kumi bora wanasoma hata usipokuwepo. Bandika tangazo, wajiandikishe wenyewe, ila hesabu wasichana wako wangapi kwenye orodha, manake baada ya masomo mara nyingi wao ndo wanabaki kufagia madarasa au wanakimbia nyumbani kuchota maji, na ukikaa kimya utajikuta na klabu ya wavulana. Ongea na mwalimu wa zamu, ongea na mama zao, sogeza muda kama inabidi.

Mimi sio mwalimu, naruhusiwa?

Unaruhusiwa ukipitia mlangoni. Anza na mwalimu mkuu, naye atakwambia kama unahitaji barua ya kwenda kwa Afisa Elimu Kata, na mara nyingi utahitaji. Omba mwalimu mmoja wa shule awe mlezi wa klabu, hata kama atakuja dakika kumi tu na kuondoka. Kaeni sehemu ya wazi au darasa lenye mlango wazi, usibaki na mtoto mmoja peke yenu, na picha za watoto usizirushe wasap wala instagramu bila wazazi kukubali. Hayo sio urasimu, yanamlinda mtoto na yanakulinda na wewe.

Sina vitabu kabisa. Naanzaje?

Kitabu kimoja kinatosha. Mtu mwenye kitabu kimoja na sauti inayosikika anaendesha klabu mwezi mzima, anasoma, watoto wanasikiliza, wanaongea. Nakala nyingine zitakuja baadaye, na zikianza kuja tafuta nakala 4 au 5 za kitabu kilekile kabla hujakimbilia vitabu vitano tofauti, manake watu hawawezi kubishana juu ya kitabu alichosoma mmoja.

Pa kwanza kutafuta ni kabati la shule yako, sitanii. Shule nyingi zina vitabu vya ziada vililetwa na mradi fulani zamani, vipo kwenye boksi na solotepu yake, mtu anaogopa vitachafuka halafu mkaguzi aulize. Pa pili ni maktaba ya mkoa, hizi za Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, ulizia sehemu ya watoto na utaratibu wa kuazima. Kwa Dar ni Maktaba Kuu ya Taifa pale mtaa wa Bibi Titi Mohamed, ileile Mwalimu Nyerere aliyoifungua 1967. Kuna pia Mradi wa Vitabu vya Watoto, wengi wanaujua kama Children's Book Project, toka 1991 unasaidia vitabu vya watoto vya Kiswahili vichapishwe na vifike mashuleni. Wachapishaji kama Mkuki na Nyota na E & D Vision wana hadithi za watoto, wapigie uulize bei ukichukua nyingi kwa mpigo.

Vya bure kabisa vipo mtandaoni. African Storybook, mradi wa Afrika Kusini ulioanza 2014, na StoryWeaver ya Pratham Books ya India iliyoanza 2015, zote zina hadithi za picha kwa Kiswahili na leseni yake inakuruhusu kupakua, kuprinti na kugawa bila kumuomba mtu. Ila angalizo, nyingi zimetafsiriwa na watu wa kujitolea, kuna tamu sana na kuna ambazo ukisoma unajiuliza huyu alikuwa anaongea na nani. Isome yote kwa sauti peke yako kabla ya kuprinti, ulimi ukikwama sehemu tatu achana nayo. Printi nyeusi na nyeupe, watoto watapaka rangi wenyewe na hapo kitabu kinakuwa chao.

Maboksi ya msaada kutoka ng'ambo yachambue kabla hujaweka kwenye rafu. Ukichukua kila kitu utajaza kabati ensaiklopedia za zamani na hadithi za watoto wanaoteleza kwenye barafu, halafu watoto wakikataa kusoma tunasema watoto wa siku hizi hawapendi vitabu.

Tusome vya Kiswahili au vya Kiingereza? Wazazi wanataka Kiingereza.

Kwa shule ya serikali Tanzania, Kiswahili kwanza, mimi hapo sioni mjadala. Wanafundishwa kwa Kiswahili mpaka wanamaliza msingi, ndo lugha wanayotaniana nayo, na mtoto hawezi kuwa na maoni makali huku anatafuta maneno. Ila presha ya wazazi ina sababu yake, sekondari masomo karibu yote yanageuka Kiingereza na kila mzazi ameona mtoto wa jirani alivyopata shida kidato cha kwanza. Kwa hiyo tafuteni maelewano: mara moja kwa mwezi kitabu kifupi cha Kiingereza chenye picha nyingi, msomewe, halafu mkiongelee kwa Kiswahili. Utashangaa wanavyoelewa wakijua hawatachekwa matamshi. Na kama uko shule za Ingilishi midiamu ambako mtoto akiongea Kiswahili anavalishwa kibao shingoni, nakuomba hicho kibao kisiingie klabu.

Kuna sehemu, mfano vijijini Usukumani au Umasaini, ambapo mtoto wa darasa la 2 Kiswahili chenyewe bado anajifunza shuleni. Muache aseme kwa Kisukuma, mwenzie atatafsiri, na hao wawili watakuwa wameifikiria hadithi mara mbili.

Walioko Kenya hali ni tofauti kidogo, kuanzia darasa la 4 masomo ni kwa Kiingereza, hivo klabu ya Kiswahili inakuwa nafasi nzuri ya kukisoma bila kuwaza alama za insha. Na walioko Ulaya na Marekani wanaoniuliza kuhusu watoto wanaoelewa Kiswahili ila wanajibu Kiingereza: waacheni wajibu hivohivo, nyie endeleeni kusoma na kuongea Kiswahili, msisimamishe hadithi kusahihisha.

Kuna watoto wa darasa la 4 hawajui kusoma. Niwakubali?

Ndiyo, tena wao ndo wanahitaji zaidi, ila klabu isiwe sehemu ya kuwatangaza. KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, wanafundishwa darasani na kama kuna mtoto amekwama mwambie mwalimu wake pembeni, kimyakimya. Kwako wewe huyo mtoto ni msikilizaji mwenye maoni kama wengine. Anaweza kusikiliza, kuangalia picha, kubisha, kuigiza fisi. Mweke na mwenzie, kitabu kimoja kati yao, mwenye kusoma anapitisha kidole chini ya mstari na mwingine anafuata. Muombe ashike yeye mstari unaojirudia, zile hadithi ambazo mnyama anaimba wimbo uleule kila akifika mahali ni dawa hapa, mara ya tatu anausoma bila kujua anausoma.

Na usimsimamishe mtu asome mbele ya wenzie kama hajaomba. Hata anayejua.

Nipe ratiba ya saa moja.

Sawa, ila usiifuate kama msahafu. Dakika tano za kwanza ni za kufika, kupoa, kunywa maji, kuna waliokula asubuhi tu na kuna ambao hata hiyo asubuhi hawakula, kama unaweza kupata uji au hata mihogo ya kuchemsha itasaidia kuliko bango lolote. Halafu fungua kwa kitendawili kimoja viwili, "Kitendawili!", "Tega!", akishindwa anatoa mji, darasa lote linaamka hapohapo na hujatumia shilingi.

Kisha unasoma wewe kwa sauti, dakika 15 hivi. Sio wao, wewe. Kaa nao mviringo, kwenye mkeka au madawati yamesogezwa, kitabu kikiwa na picha kigeuze wote waone kabla hujafungua ukurasa unaofuata. Soma polepole kuliko unavyodhani inatosha, fisi awe na sauti yake, bibi awe na yake. Ukifika pazuri nyamaza. Watoto wenyewe watasema kitakachotokea, na huo ndo mwanzo wa mazungumzo, umeupata kabla hata hadithi haijaisha.

Baada ya hapo mazungumzo dakika 15 au 20, na muda unaobaki kila mtu achague kitabu asome anavyotaka, wawili wawili, peke yake, chini ya dawati, popote. Mwisho kuazima. Kama mazungumzo yamenoga mpaka muda wa kusoma umekwisha, shukuru, mtasoma wiki ijayo.

Niwaulize maswali gani baada ya hadithi?

Hili ndo swali lenyewe kwa hiyo nitalikalia.

Acha maswali ambayo jibu unalijua. "Mhusika mkuu ni nani? Hadithi inatufundisha nini?" Mtoto anajua kabisa kwamba unajua, kwa hiyo anajua anapimwa, na hilo la mafunzo wameshakariri jibu, kila hadithi inatufundisha tupendane na tusiwe wachoyo, hata ile ambayo mchoyo kashinda.

Aidan Chambers, mwandishi wa Uingereza ambaye aliwahi kuwa mwalimu, alipendekeza kuanza na mambo manne tu: nini kimekupendeza, nini hakijakupendeza, nini kimekutatiza, na nini umeona kinajirudia au kinafanana na kitu kingine unachokijua. Hayana jibu sahihi hayo, kila mtoto ana la kwake. Akashauri pia tusimrukie mtoto na "kwa nini?", badala yake tumuulize "umejuaje?" au "umeona wapi?". Mi nakubaliana naye mia kwa mia, na kwetu ina uzito wake, manake "kwa nini" ikitoka mdomoni kwa mwalimu mtoto anasikia amekosea na fimbo iko karibu, ananyamaza. "Umeona wapi" inamrudisha kitabuni kutafuta.

Mfano halisi. Ile hadithi ya kisima, wengi mnaijua, ukame umeingia, wanyama wote wanachimba kisima, Sungura anakataa kuchimba, halafu usiku anakuja kunywa kwa ujanja mpaka Kobe anamnasa. Nimewasomea kundi la darasa la 4, nikauliza kilichowatatiza. Kimya. Nikangoja. Mtoto mmoja wa kike akasema yeye hajaelewa kwa nini watu wanamcheka Fisi na wanampenda Sungura wakati Sungura ndo mwizi, kwao bombani asiyechangia hela ya dizeli hachoti, hata awe nani. Mvulana mmoja akaruka, Sungura ni mdogo, hawezi kushika jembe. Umeona wapi? Wakainamia kitabu wote, ukurasa wa kwanza, wa pili, hakuna palipoandikwa hawezi, pameandikwa alikataa. Mvulana hakukubali, akaonyesha picha, ona jembe lilivyo kubwa kuliko yeye! Na kweli, mchoraji kachora jembe kubwa. Basi wakagawanyika, wa maneno na wa picha, mwingine akaleta hoja kwamba Kobe ni mdogo vilevile na yeye kafanya kazi, mwingine akauliza na tembo je kwa nini hakulinda yeye, na mimi hapo nilikuwa nimeshasema sentensi mbili tu toka tuanze.

Hakuna aliyesema hadithi inatufundisha nini. Lakini walikuwa wanaongelea haki, uvivu, kamati ya maji ya mtaani kwao na tofauti ya maneno na picha, vitu ambavyo ningeviandika ubaoni wangesinzia.

Nimeuliza, wamenyamaza wananiangalia tu. Nifanyeje?

Ngoja. Hesabu kimoyomoyo mpaka kumi, ni mrefu huo muda, utatamani kujibu mwenyewe, usijibu. Wamezoea kwamba mwalimu akiuliza anamalizia mwenyewe "...tupenda-na!" na wao wanaitikia mwisho wa neno.

Ikigoma, waambie waambiane wawili wawili kwanza, kunong'ona, dakika moja, halafu uliza "mwenzio kasemaje?". Kusema ya mwenzio ni rahisi, likiwa baya ni lake. Njia nyingine ni kusema kitu cha ajabu kwa makusudi, "mimi naona Fisi ndo mwenye akili hapa", hawatavumilia.

Angalia pia umekaaje. Ukisimama mbele umeshika kitabu na wao wamekaa chini yako wataongea kama darasani, mkono juu, "mwalimu mimi, mwalimu mimi". Kaa chini nao. Na wewe ukisema maoni yako sema mwishoni, ukitangulia umefunga mjadala, kwetu mtoto habishani na mkubwa.

Kuna wawili wanaongea peke yao, wengine hawapati nafasi.

Vijiti vya kuhesabia vya darasa la kwanza. Kila mtu vitatu mkononi, ukiongea unaweka kimoja katikati, vikiisha unasikiliza. Wale waongeaji wanaanza kuchagua maneno, inachekesha kuwaangalia. Ukitumia kila wiki inageuka sheria kwa hiyo tumia siku wakizidi tu. Na asiyeongea kabisa muache, kuna watoto wanasikiliza mwezi mzima halafu siku moja wanatoa neno linalowanyamazisha wote.

Mtoto anaacha vitabu katikati, anachukua kingine. Nimzuie?

Wewe unamaliza kila kitabu unachoanza? Muache. Muulize tu kaachia wapi na kimemchosha nini, hayo nayo ni maoni juu ya kitabu, tena mazuri.

Katuni na magazeti ya michezo yanahesabika?

Yanahesabika. Kuna wavulana hawagusi hadithi ila ukurasa wa Simba na Yanga wanausoma mpaka matangazo, na wakibishana kama mwandishi kapendelea upande mmoja, hiyo ni kazi ileile ya "umeona wapi?". Leta gazeti la wiki iliyopita, kata habari mbili za mechi moja kutoka magazeti mawili, wape. Katuni zile zenye picha na maneno mdomoni ni nzuri sana kwa wanaojifunza kusoma, picha inabeba nusu ya kazi. Chekecha tu zile za wakubwa.

Mwalimu mkuu anasema tunapoteza muda, kuna mitihani.

Muelewe, anapimwa kwa upimaji wa kitaifa wa darasa la 4 na mtihani wa kumaliza msingi, matokeo yakitoka yeye ndo anaulizwa. Usimletee hotuba ya kupenda vitabu. Muombe siku moja, baada ya masomo, Ijumaa ndo mara nyingi inapatikana ila kama watoto wengi wanaenda msikitini chagua siku nyingine, na watoto wa darasa la mtihani usiwachukue mwaka wa kwanza. Halafu mwalike aje kusikiliza. Asipewe kiti cha mbele wala risala, akae kwenye mviringo. Mwalimu mkuu akisikia mtoto wake wa darasa la 4 anasema "mimi sikubaliani na mwenzangu kwa sababu ukurasa wa sita imeandikwa" hutahitaji kuongeza neno.

Usimuahidi kupanda kwa wastani. Inaweza kupanda, inaweza isipande muhula huu, na ukishaahidi umejirudisha kwenye kupima.

Wazazi wanasema bora twisheni.

Twisheni inalipiwa, klabu ni bure, hapo tayari una sehemu ya kuanzia. Zaidi ya hapo usibishane nao, wape kazi. Mzazi au bibi ambaye hajui kusoma ana hadithi, muite, "Paukwa!", "Pakawa!", akimaliza watoto wamuulize maswali yaleyale manne. Na mtoto akiazima kitabu mwambie amsomee mtu nyumbani, mdogo wake, babu, dada wa kazi. Mama aliyesomewa ukurasa mmoja na mwanae jioni wakati anachambua mchele hatauliza tena klabu ina faida gani.

Vitabu vikiazimwa si vitapotea na kuchanika?

Vingine vitapotea. Kitabu kilichopotea mikononi mwa mtoto kimesomwa na mtu, kilichokaa kabatini miaka sita kikiwa kipya kimesomwa na panya. Kwa hiyo azimisha.

Ila kuna ya kufanya. Kabla ya kutoka, kila kitabu kipigwe mshono: toboa matundu matatu pembeni kwa sindano ya magunia, karibu na mgongo, pitisha uzi mzito, kaza, funga fundo kwa nyuma. Vitabu vingi vya watoto vimebanwa na pini mbili za stepla tu na zikishika kutu kurasa za katikati zinakuwa za kwanza kuondoka. Halafu jaladia kwa karatasi ya kaki au gazeti, juu yake nailoni ngumu, pembe zikunje ndani usizikate. Watoto wanaweza kujifunza kazi yote hiyo na wanaipenda kuliko tunavyofikiri.

Kumbukumbu weka kwenye kauntabuku moja, jina, kitabu, tarehe ya kuchukua, tarehe ya kurudisha, na mtoto ndo aandike. Mtoto aliyepoteza asilipishwe, ukimlipisha mzazi wa mmoja basi wazazi kumi watawakataza wao kuazima. Muambie atafute, akikosa atasaidia kushona vya wengine. Kipindi cha masika kila kitabu kitoke kimefungwa kwenye kitu kisichopitisha maji.

Kitabu kikiwa na uchawi, au mambo ya dini, au mtoto anayeolewa?

Soma kwanza wewe, mwanzo mpaka mwisho, kila mara. Hadithi zetu zina mazimwi, majini na wanawake wanaogeuka paka, ukiondoa vyote hivyo utabaki na karatasi, na watoto wanajua tofauti ya hadithi na mtaani kwao. Ila klabu ina watoto wa dini zote, kitabu cha kuhubiri upande mmoja kiache nyumbani.

Kuhusu mambo mazito, ndoa za utotoni, kupigwa, ulevi wa baba, sikwepi, ila siku hiyo namtafuta mwalimu wa malezi awepo karibu, manake kuna mtoto anaweza kuongelea kitabu kumbe anaongelea nyumbani kwao. Ikitokea usimhoji mbele ya wenzie, na usimuahidi siri. Mpeleke kwa anayehusika siku hiyohiyo.

Nitoe zawadi kwa aliyesoma vitabu vingi?

Mimi sipendi. Ukitangaza zawadi ya idadi watasoma vile vifupi, na kuna atakayesoma jalada tu. Kama una hela ya zawadi nunua kitabu.

Simu na tableti je?

Wanafunzi simu haziruhusiwi shuleni, kwa hiyo ni ya kwako, unaishika wewe. Simu moja kwa watoto 20 haisomeki, waliokaa nyuma wanaona kioo kinang'aa tu. Itumie kupakua na kuprinti, au siku moja moja kwa kundi dogo. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba yake ya mtandaoni yenye vitabu vya shule, ifungue ukiwa na bando, usingoje muda wa klabu.

Watoto wanaweza kuandika hadithi zao?

Wataomba wenyewe. Chukua karatasi 4 za A4, kunja katikati, shona kwenye mkunjo, una kitabu cha kurasa 16. Waandike, wachore, waweke jina lao kwenye jalada, halafu kiingie kwenye kabati na kiazimwe kama vingine kwenye kauntabuku ileile. Makosa ya herufi usiyaguse kwa kalamu nyekundu, mwenzie akishindwa kusoma neno atamfuata mwenyewe "hapa umeandika nini?" na litasahihishwa papo hapo. Na siku mkizungumzia kitabu cha mwenzao, mwandishi akae kimya mpaka mwisho. Hilo huwa gumu kweli kwake.

Kuna siku maalum za kusherehekea?

2 Aprili ni Siku ya Kimataifa ya Vitabu vya Watoto, 23 Aprili ni Siku ya Vitabu Duniani ya UNESCO, 7 Julai Siku ya Kiswahili Duniani. Angalia kalenda kwanza, zinaweza kuangukia likizo. Siku hizo acheni maandamano na mabango, someni.

Nitajuaje kama inafanya kazi bila kuwapima?

Sikiliza. Wanabishana njiani wakirudi nyumbani? Kuna mtoto kaja kuuliza kama kile kitabu fulani kimerudi? Wameanza kusema "sikubaliani" bila kukuangalia usoni kwanza? Kauntabuku pia inaongea, kitabu kilichoazimwa na watoto sita mfululizo kinasifiwa huko nje usikokuona, na kile ambacho hakijatoka muhula mzima kipeleke shule nyingine.

Nikihamishwa kituo, klabu si itakufa?

Zinakufa nyingi hivo, mwalimu anapata uhamisho, kabati linafungwa, funguo inaondoka na pochi yake. Toka muhula wa kwanza tafuta mwalimu wa pili na mfundishe kwa kukaa naye kwenye mviringo. Chagua watoto wanne wa darasa la 5 wawe wakutubi, wao ndo waandike azima na marejesho, na wakifika la 6 wamfundishe mwingine. Orodha ya vitabu iwe na nakala ofisini ikiwa na mhuri wa shule, na ufunguo uchongeshwe wa pili ukae kwa mwalimu mwingine, sio kwa mwalimu mkuu, manake naye anahamishwa.